Ndege ya Likoni

Picha zilizokuwa zikipigwa pale kivukoni Likoni, Mombasa, sasa ni sanaa. Wasomi wa Ulaya wameshaandika kuzihusu na kuzitundika kwenye maonyesho, nasi tushukuru kwa kujulishwa.

Miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyao karibu na feri, wametundika mapazia yaliyochorwa ndege, meli, maghorofa na maua yasiyojua kunyauka. Familia ikitoka bara kuja kuitazama bahari, ilirudi na picha ya safari ambayo haikuhitaji pasipoti wala viza. Baba amekaza shingo kama rubani, mama ameleta pochi mbele makusudi ionekane, watoto wamekatazwa kucheka.

Wajuaji wa mjini wakawacheka: washamba hao!

Haya, twendeni sebuleni kwa hao wajuaji. Picha ya ukoo iko ukutani, kioo kimepanguswa. Ami na mdogo wake wameshikana mabega, na kesi yao ya shamba bado iko mahakamani. Mke wa zamani kapitiwa na mkasi, umebaki mkono wake wenye hina juu ya bega la mume. Ukitaka kuijua jamii, tazama nani kapewa kiti, nani kasimamishwa nyuma, na nani hakuitwa kabisa.

Kule Likoni, kila mtu alijua kuwa ndege ni kitambaa na rangi. Huku sebuleni ni upendo uliochorwa, na mgeni hadokezwi.