Barua kutoka Mbita: Kandambili ya Kulia

Kwa Mama na wote wa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga.

Dhumuni la barua hii ni kueleza kwa nini zile hela nilizoahidi hazijafika. Najua Mjomba ameshasema kwamba mtu akivuka mpaka wa Sirari tu anasahau kwao. Mwambieni sijasahau. Hela nilikuwa nazo, zimeingia kwenye lori, na lori lenyewe si langu. Halafu ile barua ya mwezi uliopita, niliyosimulia ufundi wangu, naomba asiisome tena barazani. Sababu mtaiona mbele.

Kwanza Shangazi aache kuwatangazia watu kwamba niko Ulaya. Niko Mbita, Kaunti ya Homa Bay, na maji niliyo nayo mbele yangu ni ya Ziwa Viktoria. Naendesha Canter kuukuu ya mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, ambao huku wanaitwa omena. Ukisema dagaa wanajua papo hapo kuwa wewe ni wa kuja. Lugha ni moja, lakini ina mitego. Siku ya kwanza mwenye lori alinipigia simu akauliza, "Imekufa wapi?" Nikasema Inna lillahi, nikamuuliza marehemu ni nani. Kumbe gari likizima, huku linakufa. Nimeshazoea. Lori letu lilikuwa linakufa na kufufuka mara tatu kwa safari moja, na matanga yote nikikaa mimi peke yangu.

Lilikuwa linakufa hivi. Tunatoka Mbita alfajiri na magunia ya omena, injini inaunguruma vizuri, mtu ungeweza kuimba nayo. Tukifika kwenye vilima nguvu zinapungua, linaanza kumisi, linatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria, halafu kimya. Nakaa chini ya mti nusu saa, najaribu tena, linawaka kama halikuwa na lolote. Kutoka hapa hadi mji wa Homa Bay ni kama kilomita 40 za lami. Sisi tulikuwa tunazimaliza mchana, na nzi wa njia nzima wametujua kwa harufu.

Fundi wa kwanza alifungua tangi, akachungulia, akasema mafuta yapo. Akabadilisha chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyotuama chini yake, akapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikatoka yote. Lori likawaka. Tukamlipa, tukamsifu. Kesho yake likafa palepale lilipofia jana.

Fundi wa pili alifungua tangi, akanusa, akatikisa kichwa: dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Msidhani ni uzushi. Mchezo huo ulikithiri Kenya hadi mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasione faida. Basi tukamwaga yote, tukajaza mapya pomoni. Lo! Likafa mapema kuliko siku zote. Hapo ndipo nilipogundua ajabu moja: likijazwa linazima upesi, likikaribia kukaukiwa linakwenda kama jipya. Mwenye lori akasema limeshaambukizwa tabia ya dereva wake wa Tanga: likishiba, linalala.

Fundi wa tatu naye alifungua tangi, akalifunga, akasema nozeli zimekwisha, zipelekwe Kisumu zikapimwe. Mwenye lori akaamua kuwa dereva ndiye anayelikanyaga vibaya, kwa hiyo tugawane gharama. Mama, hapo ndipo hela zenu zilipopita. Nilivuka na feri hadi Luanda K'Otieno, nozeli nne nimezifunga kwenye gazeti na kuzipakata kama mtoto mchanga, hadi abiria mmoja akaniuliza ana miezi mingapi.

Zikarudi zinang'aa. Lori likafa.

Siku hiyo nilikuwa nimempa lifti mvuvi mmoja, mzee mwenye maneno machache, amekumbatia lile tangi jekundu la mashine ya boti. Lori lilipozima hakushuka. Aliuliza tu, "Omera, tangi lako linapumulia wapi?"

Nikamwambia mzee, hili ni lori, halipumui. Akanionyesha skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi lake. Ukilibeba unaikaza, ukiwasha mashine unailegeza. Mvuvi akisahau kuilegeza, mashine inamzimikia katikati ya ziwa, kwa sababu mafuta yanatoka na hewa haiingii kushika nafasi yake. Tangi linavuta huku, pampu inavuta kule, na mwisho tangi linashinda.

Tukaenda nyuma tukafungua kifuniko. Fyuuuu! Lilivuta pumzi kama mpiga mbizi aliyeibuka. Nikawasha, likawaka, likapanda kilima bila kukohoa.

Hapo yote yakajipanga yenyewe. Tangi likijaa, hewa ya juu ni kidogo, kwa hiyo kabali inakaza mapema. Likipungua, kuna hewa ya kutosha kwenda nayo mbali. Na wale mafundi wote watatu walikuwa wameliponya kabla ya kushika spana, pale walipofungua tangi kuchungulia. Tuliwalipa kwa mengine yote waliyofanya baadaye.

Njiani mzee aliniambia hata ziwa lilifanyiwa hivyohivyo. Miaka ya 1980 walijenga tuta la kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Magari yakapita pakavu, lakini maji yakazibwa, upande huu hauna habari na upande ule, mpaka likajengwa daraja ndipo yakapita tena. "Nyinyi watu wa barabara," akasema, "mnapenda sana kuziba."

Sikumjibu, Mama. Ningemjibu nini? Kifuniko cha asili, chenye kitundu chake cha kupumulia, kiliibwa, na mnakumbuka nilivyojisifu katika ile barua: kwamba nimetengeneza kingine kwa soli ya kandambili, nikakizungushia mpira wa tyubu, kikabana hata tone halitoki. Niliwaambia fundi wa kiwandani asingeweza kubana vile. Ni kweli, asingethubutu.

Mzee alikitoboa kwa msumari, na mpaka leo lori linakwenda. Mwenye lori nimemwambia nozeli za Kisumu ndizo zilizotusaidia, na nyinyi msimwambie vingine.

Hela nitatuma mwisho wa mwezi ujao, inshallah. Kama kuna mtu anakuja huku, mpeni kandambili moja tu, ya kulia, namba nane. Ya kushoto ninayo.

Wenu mtiifu,
Dereva