Mashaka ya Watabiri kabla ya Msimu

Imekuwa ada ya safu hii, kila msimu mpya wa mpira unapokaribia, kupokea barua za watu waliokosana na wake zao, na wadai wao, na wakati mwingine na akili zao wenyewe, kwa sababu ya kandanda. Walakini furushi lililotufikia safari hii kutoka Maganzo, mji ule ulioegemea mgodi wa almasi wa Mwadui, limejaa mashaka ya namna mpya, maana mpira unaogombewa humo haupigwi na mguu wa mwanadamu ye yote. Majina ya waandishi tumeyasitiri, kwa kuwa baadhi yao wana wazazi.

*Bwana Mshauri, salaam. Sisi vijana wa banda la gemu hapa Maganzo tumeunda ligi ya kompyuta. Mtambo unajichezea wenyewe, sisi tunatazama na kushangilia. Kundi letu lina timu nne: Mwadui, Stand United, Geita Gold na Mbao. Nimechaguliwa kutoa utabiri kabla ya msimu, na kila nikitoa nazomewa. Nani ataongoza? — Mtabiri Asiyeheshimiwa, Maganzo.*

Mwanangu Mtabiri, kabla hujauliza nani ataongoza, uliza nani aliyeweka namba. Mtambo huo, uliotengenezwa ng'ambo na watu ambao aghalabu hawajapata kusikia hata jina la wilaya yenu ya Kishapu, haukuja na timu zenu tumboni mwake. Bila shaka mmoja wenu aliketi na pedi mkononi, akafuta jina la timu ya Ulaya, akaandika jina la nyumbani, kisha akamgawia kila mchezaji kadiri ya mbio, na nguvu, na ukali wa shuti, kama nafsi yake ilivyomwelekeza. Huyo ndiye wa kuchunguzwa. Ikiwa amekulia karibu na stendi ya mabasi ya Shinyanga, ambako Stand United ilipata jina lake, itie Stand juu ya orodha yako ukalale usingizi. Ikiwa baba yake alikula mshahara wa mgodi, ipandishe Mwadui. Na ikiwa ni mtu wa mzaha, basi usitabiri kabisa, kwa kuwa huenda kipa wako amepewa mbio za swala na mikono ya mtoto mchanga.

Lakini maadamu umetaka rai yangu, nitaitoa kwa kuchukulia kwamba mkono ule ulikuwa wa haki, dhana ambayo mimi binafsi siiamini. Geita Gold ya kwanza. Timu hiyo iliingia Ligi Kuu msimu wa 2021/22, na katika mwaka wake wa kwanza ikashika nafasi ya nne, ilhali mshambuliaji wake George Mpole akiibuka mfungaji bora kwa mabao 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Na mitambo huwapenda wafungaji, kwa sababu bao huhesabika na subira haihesabiki. Mbao ya Mwanza ya pili, kwa heshima ya fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2017 pale Dodoma, ambako iliwatoa jasho Simba hadi muda wa nyongeza ndipo ikafungwa 2-1. Mwadui ya tatu, maana ndiyo iliyowafunga Simba 1-0 katika uwanja wa Kambarage mwezi Oktoba 2019, na ndiyo hiyo hiyo iliyoshuka daraja mwaka 2021 ikiwa mkiani. Na timu yenye tabia mbili kama hizo, mtambo huiweka katikati kwa kukosa la kufanya.

Stand United naiweka ya nne, na moyo unaniuma. Hii ndiyo Chama la Wana, ambayo mwezi Septemba 2018 Alex Kitenge wake aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake, na bado timu ikapoteza mchezo ule 4-3, na mwisho wa msimu ikashuka daraja. Hakuna namba iwezayo kuandikwa katika kompyuta ikaeleza mambo ya sampuli hiyo. Anayewazomea wengine hapo bandani ajaribu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mkono uliofichika ni ila ya mitambo peke yake. Mwaka 2016, katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, kundi lililokuwa na hizo Geita Gold na Mbao zako, siku ya mwisho ilifika huku Geita na Polisi Tabora zikiwania nafasi ya kupanda, na mabao yakitarajiwa kuamua. Jioni ile Geita ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, nayo Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ilipolichunguza jambo hilo ikahukumu kwamba matokeo yalipangwa, ikaziteremsha timu zote nne, na tiketi ya Ligi Kuu ikawaangukia Mbao. Mtambo wenu ungetoa mabao 15 katika mechi mbili za jioni moja, mngeuzima mkidhani umepata joto. Na mtabiri ambaye angeandika kwamba atakayepanda ni Mbao, angezomewa kuliko wewe.

*Bwana Mshauri, mume wangu ameacha kubeti mechi za watu, sasa anabeti mechi za kompyuta zinazochezwa kila baada ya dakika chache. Anasema ameugundua mpangilio wake. Ameandika daftari zima. Fedha ya mbegu imekwenda. — Mke wa Mwenye Daftari, Geita.*

Mama, pole sana. Mpangilio haupo. Matokeo ya mechi hizo hutolewa kwa bahati nasibu ndani ya mtambo, na kila mchezo husahau kabisa ule uliotangulia, kwa hiyo daftari la mumeo ni historia ya mambo yasiyo na ukoo. Faida ya mwenye duka la kubeti haimo katika ujanja wo wote wa siri. Imo waziwazi katika bei. Mweleze hivi: tuseme timu mbili zina nguvu sawa, sare haipo, na kila moja imewekewa 1.8. Akiweka shilingi 1,000 upande huu na 1,000 upande ule, atakuwa ametoa 2,000, na ye yote atakayeshinda, atarudishiwa 1,800. Amefanya utabiri usiowezekana kukosea, naye amepoteza shilingi 200. Akikujibu kwamba yeye huweka upande mmoja tu, mwambie kwamba hasara ni ile ile, ila inachukua njia ndefu zaidi kufika nyumbani. Wala usingojee duka lifungwe: maduka hayo hupewa leseni na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003. Fedha ya mbegu ya mwakani izike kwako, na daftari likiwa na kurasa zilizobaki, mpe mtoto wa shule.

*Bwana Mshauri, mdogo wangu yuko Minnesota. Amejiunga na ligi ya kompyuta ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, na ananitaka nitabiri kundi lake: Bears ya Chicago, Lions ya Detroit, Packers ya Green Bay na Vikings ya kwao huko. Naogopa kumwaibisha. — Kaka Mtu, Kahama.*

Bwana Kaka, usiogope, kwani katika mpira ule hakuna kushuka daraja. Sisi wa kanda hii, ambao timu nne za kijana wa Maganzo zote zilipata kupanda Ligi Kuu na zote zikashuka, tutastaajabu kusikia kwamba mwaka 2008 hao Lions walicheza michezo 16 wakafungwa yote 16, na mwaka uliofuata wakabaki pale pale; tena wakatunukiwa haki ya kuwa wa kwanza kuchagua kijana bora anayetoka vyuoni, wakamchukua Matthew Stafford. Laiti Mwadui ingeshika mkia kwa masharti hayo!

Kuhusu utabiri wenyewe, katika ligi za jinsi hiyo kila timu huongozwa na mtu aliye nyumbani kwake, na wapinzani wa kundi moja hukutana mara mbili kwa msimu. Basi acha habari za Bears na Packers, umwulize mdogo wako habari za hao watu watatu wengine: nani ameoa karibuni, nani ana mitihani, nani anafanya kazi ya usiku. Yule asiye na shughuli yo yote duniani mweke wa kwanza. Nina hofu kwamba atakuwa mdogo wako.

*Bwana Mshauri, umeme ulikatika, na mwenye banda hakuwa amehifadhi ligi. Timu yangu ilikuwa inaongoza kwa pointi tisa. Je, nidai kombe? — Bingwa wa Gizani, Mwadui.*

Bwana Bingwa, kombe usidai. Dai mchango wako. Na mwenye banda akikataa, mjulishe mbele ya mashahidi kwamba msimu utarudiwa tangu mechi ya kwanza, na saa zote za kuurudia ni juu yake.