Bustani Ndani ya Kioo: Mwongozo kwa Mkaaji wa Kibeta

Anza kwa kung'oa lile ua la plastiki lililomo kwenye tangi lako la samaki. Bei yake haibadilishi kitu: halitoi oksijeni, na samaki wanalijua hilo.

Ukiteremka ziwani, wa kwanza kukukonyeza atakuwa gugumaji na ua lake la zambarau. Usikubali. Asili yake Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani na watu waliolipendea uzuri, kama wewe. Lilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, Mto Kagera ukiwa mojawapo ya njia zake. Kama linaziba bandari, litaliacha tangi lako?

Tafuta wenyeji wanaoishi chini ya maji: valisineria, yenye majani marefu kama utepe, na seratofilamu, isiyo na mizizi kabisa. Usiingie majini peku. Kichocho hakiulizi umefuata nini. Vuta mimea kwa reki ukiwa mtumbwini, maji ya ziwa yaache hukohuko, kisha vaa glovu uisuuze jani kwa jani. Upande wa chini utakuta konokono wadogo na ute wa mayai yao. Baadhi ya konokono hao ndio wabebaji wa kichocho, kwa hiyo ondoa wote.

Valisineria ina sehemu nyeupe pale majani yanapokutana na mizizi. Mchanga uishie hapo, ukiipita, itaoza. Seratofilamu usiifukie, maana haina cha kufukiwa: ifunge kwa uzi kwenye jiwe.

Baada ya siku chache majani ya zamani ya valisineria yatageuka kahawia na kuyeyuka. Hapo ndipo watu huanza kung'oa ili wahakikishe mizizi ipo. Ipo. Toa mkono, subiri jani jipya lichomoze katikati. Mwanga wa saa nane kwa siku unatosha, ila si wa dirishani, jua litakugeuzia maji kuwa kijani.

Samaki waingie mimea ikishashika. Sato hapana: atakula bustani, akishiba atachimba. Furu dume naye huchimba, lakini huyo mvumilie. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikapotea. Aliyebaki anastahili makao.

Mimea ikizidi, ipunguze, ila usiitupe mtaroni, hasa ile ya dukani iliyotoka ng'ambo. Mitaro humwaga maji Mto Kanoni, na Kanoni huyamwaga ziwani. Ianike hadi ikauke, uiweke shinani mwa mgomba pamoja na maji machafu ya tangi. Mgomba utayapenda.