Pua ya Mama Kulwa

Mwenzangu uliyeoa Usukumani huhitaji maelezo marefu. Ukioa huko, umeoa na kikao. Na kikao kilichokaa hapa kwangu Katoro kina ajenda moja tu: je, mke wangu, Mama Kulwa, arudi kupasuliwa pua mara ya tatu?

Pua iliumia barabarani, pale bodaboda aliyoipanda ilipokwepa mbuzi naye akaangukia uso. Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kunyoosha ule ukuta wa gegedu unaotenga matundu mawili. Uvimbe ulipopungua tukaona pua imelalia kushoto. Wa pili ukawa wa kusahihisha wa kwanza. Sasa mgongo wa pua umebonyea, tundu la kushoto linajifunga kila akivuta hewa, na harufu anazipata kwa mbali sana. Waliompasua siwataji, maana kuwataja hakumrudishii mtu pumzi.

Hilo la harufu limevuruga nyumba kuliko yote. Jumapili moja tulikuwa na wageni wa jumuiya, maharage yakaungua hadi sufuria ikatoboka, na mwenye jiko amekaa hatua chache tu kutoka hapo akimsuka mtoto wetu Shija. Moshi tuliuona sisi wa nje. Tangu siku hiyo Kulwa amejipa cheo cha Mkaguzi. Maziwa hayanywewi kabla hajayanusa, na jioni hupita jikoni mikono nyuma kama bwana afya. Pacha wake Doto yeye amechagua sanaa: anaigiza mkoromo wa mama yake, na anaupatia. Nilipotaka kumkanya, mama mwenyewe alikuwa ameshacheka mpaka machozi.

Usiku hakuna kicheko. Analala ameegemea mito, mdomo wazi, koo likimkauka, nami niko macho nikisubiri pumzi inayofuata.

Basi akaja Spika. Ndiye mama mkwe wangu, kutoka Maganzo. Watoto walimpa jina hilo kwa kuwa kikao hakifunguliwi bila yeye. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa Mwadui, na hakuna mazungumzo ya Spika yasiyopitia Mwadui. Utasimuliwa jinsi Williamson alivyoanzisha mgodi mwaka 1940, na jinsi almasi ya waridi yenye karati 54.5 ilivyopatikana mwaka 1947, ikawa zawadi ya harusi ya Elizabeth kabla hajawa malkia. Safari hii nilidhani anatuchelewesha tu. Kumbe alikuwa na lake.

"Jiwe lile lilichongwa London likabaki karati 23.6," alisema. "Na waliochonga walikuwa mafundi. Ninyi mnataka pua ichongwe mara tatu, ibaki nini?"

Nilimuunga mkono, na wakwe zangu wote wakanigeukia kwa mshangao.

Shemeji yangu Meneja alipinga. Huyu tunamwita hivyo kwa sababu ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, huko Rwamagasa na anazungumza kama mwenye mgodi. Yeye anasema dada yake aende Dar es Salaam, gharama juu yake, mwamba ukitoa tu. Dhamana ya ahadi hiyo ni viroba vya mawe vilivyorundikwa barazani kwangu vikisubiri zamu ya karasha la kusagia mawe. Shija huvifanya farasi, na vumbi lake lote linaishia kwenye pua ile ile tunayoijadili.

Hatimaye tulikwenda kwa bingwa wa masikio, pua na koo, Mwanza. Tulipita Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa mwaka 2025, na Mama Kulwa, ambaye foleni ya kivuko ilikuwa ikimtesa, alilitazama ziwa bila kusema neno. Bingwa alitueleza taratibu. Pua iliyopasuliwa huchukua karibu mwaka mzima kutulia, hivyo asiguswe kabla ya hapo. Kila upasuaji unaofuata ni mgumu kuliko uliotangulia, kwa kuwa makovu ya ndani hushikana na gegedu la kujengea hupungua. Lazima gegedu litolewe kwingine, sikioni au ubavuni. Akaligeuza sikio la mke wangu akaliona lile kovu lililovimba tangu alipotobolewa masikio akiwa msichana. Ngozi ya namna hiyo, alisema, inaweza kuvimba tena popote itakapokatwa, kwa hiyo sikio tusilichokoze. Umebaki ubavu. Na hakuahidi pua ya zamani. Kwa hilo nilimheshimu.

Spika alipoletewa habari alisema ubavu wa Adamu unatosha, wa mwanawe uachwe.

Mimi naogopa, nasema wazi. Ningependa tuombe pumzi kwanza, sura ikae. Bima nayo haina habari na urembo, na fedha pekee iliyopo nyumbani ni ya bati za chumba cha watoto. Lakini Mama Kulwa ameacha kupiga picha. Siku ya kipaimara cha mapacha alijifunika kitenge hadi machoni, picha ikatoka ina mama asiye na uso. Nilipomweleza habari ya pumzi kwanza, alinijibu: "Wewe unanisikia nikikoroma. Mimi ndiye ninayejiona kwenye kioo."

Nilikosa jibu, na sidhani kama lipo.

Kwa hiyo kikao kimeamua, maana yake ameamua yeye. Mwaka utimie, mahindi yavunwe, ndipo arudi Mwanza na lile daftari la Doto alilojaza maswali ya kumuuliza bingwa: watakata ubavu gani, atalala kifudifudi lini, kovu likivimba watafanyaje. Mtoto wa Meneja anayesomea uuguzi atamsindikiza. Bati zitasubiri. Jana nilijaribu kwa mara nyingine kuutetea ule ubavu, nikasema tungoje hata miaka miwili.

"Baba Kulwa," akasema, "mbavu ni zangu. Wewe andaa nauli."