Ombi la Kutokombolewa: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Vita ya Marekani

Waheshimiwa wakuu wa Wizara,

Kwanza pokeeni pongezi. Septemba 2025 rais wenu aliwaruhusu kutumia tena jina mliloliacha 1947, na sasa kibao cha mlangoni kinataja kazi inayofanyika ndani. Miaka yote mlipojiita Wizara ya Ulinzi, tulikuwa tukipata tabu kukumbuka ni lini Vietnam au Iraki iliwahi kutishia kuvuka bahari kuja kuwavamia. Kwa kuwa mmeanza kusema kweli, naomba tuendelee hivyohivyo katika jambo jingine mnalojitolea kulifanya bila kuombwa, nalo ni kuwakomboa Wairani.

Msinidhanie mtetezi wa Tehran. Utawala ule sina la kuutetea. Mahsa Amini, binti wa Kikurdi wa miaka 22, alikamatwa na polisi wa maadili kwa sababu ya hijabu, akafariki 16 Septemba 2022. Walioandamana kwa ajili yake walipigwa risasi, na baadhi wakanyongwa. Mir-Hossein Mousavi na Mehdi Karroubi, walioyapinga matokeo ya uchaguzi wa 2009, walifungiwa majumbani mwao Februari 2011 bila kufikishwa mahakamani. Narges Mohammadi alitunukiwa Nobeli ya Amani ya 2023 akiwa gerezani Evin, na ikabidi watoto wake waende Oslo kumpokelea. Hawa ndio harakati ya demokrasia ya Iran, wala haihitaji kubuniwa nyingine huko Washington. Anayesema yuko upande wao ana wajibu mmoja wa kuanzia: awasikilize. Na walisema. Juni 2025, siku chache tu baada ya Israeli kuanza kuishambulia nchi yao, Mohammadi, mwanasheria Shirin Ebadi, mwongozaji filamu Jafar Panahi na wenzao walitoa tamko katika gazeti la Le Monde. Waliitaka serikali yao iache kurutubisha urani, na wakataka mapigano yakome mara moja. Watu waliofungwa na watawala hao, wenye kila sababu ya kutamani waangushwe hata kesho, hawakuomba bomu hata moja.

Jibu walilipata upesi. Waziri Mkuu Netanyahu alikuwa tayari ameazima kaulimbiu ya wanawake wa Iran, “Mwanamke, Maisha, Uhuru”, akawahutubia kwayo huku ndege zake zikiwa angani. Tarehe 22 Juni nanyi mkaangusha mabomu 14, kila moja likizidi tani 13, na rais wenu akauliza hadharani kwa nini utawala usibadilishwe. Kesho yake Israeli ikalipiga gereza la Evin, na waziri wake wa mambo ya nje akashangilia mtandaoni, kwa Kihispania, kwamba uhuru udumu. Mahakama ya Iran ilitaja waliokufa kuwa watu 71 au zaidi, wakiwamo wafungwa, jamaa waliokuja kuwatembelea na majirani wa gereza. Walionusurika hawakwenda nyumbani: wanawake walihamishiwa Qarchak, gereza ambalo wafungwa wenyewe hulitaja kwa hofu kubwa kuliko Evin. Nje ya kuta, utawala uliotikiswa ukaanza kukamata watu kwa mamia na kunyonga waliotuhumiwa ujasusi. Hapo mlimpa kichaa rungu, halafu mkashangaa kuona anapiga watu.

Tuhuma hiyo ya ujasusi haikuanza 2025. Mwaka 1951 Mohammad Mosaddegh, waziri mkuu aliyeungwa mkono na bunge, alitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Agosti 1953 majasusi wenu na wa London walipanga mapinduzi yaliyomwondoa, na 2013 nyaraka za CIA yenyewe zikakiri. Mfalme, yaani Shah, akabaki na madaraka yote, akaunda polisi wa siri, SAVAK, kwa msaada wenu, na wapinzani wakateswa hadi mapinduzi ya 1979. Tangu hapo kila Mwirani anayedai kura yake ihesabiwe huambiwa ametumwa na Marekani. Ni uongo, lakini ni uongo wenye vielelezo, na vielelezo mliviandaa ninyi.

Najua pingamizi litakalotoka huku kwetu, kwa sababu ni zito kuliko yote mnayoyatoa huko. Mbona Mwalimu Nyerere alimng'oa Nduli Idi Amin, na Afrika Mashariki ikashangilia? Kweli alimng'oa. Lakini Amin ndiye aliyevuka mpaka Oktoba 1978 na kudai eneo la Kagera ni lake. Vita vilianzia kwenye ardhi ya Tanzania. Waganda wenyewe walikuwa katika mapigano hayo, na Machi 1979 walikutana Moshi kupanga serikali yao. Hata pamoja na hayo yote, Kampala ilipokombolewa marais walibadilishana kiti kwa miezi, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazua ubishi, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni kwa miaka mitano. Ikiwa vita vyenye sababu nzuri namna ile vilizaa hayo, ninyi mnatarajia nini Isfahan?

Mtauliza, basi tukae kimya? Hapana, yapo ya kufanya, ila hayapigi kelele. Tarehe 9 Juni 2025, siku nne kabla ya vita, mliwafungia Wairani mlango wa kuingia Marekani; ufungueni, angalau kwa wanaokimbia kitanzi. Vikwazo vyenu kwa maandishi haviigusi dawa, lakini benki huogopa kupitisha malipo yake. Ziambieni kwa barua rasmi zisiogope. Machi 2025 mliwanyamazisha watangazaji wa Sauti ya Amerika (idhaa yetu ya Kiswahili nayo ikazimwa), na vita vilipoanza mkawaita wa Kiajemi warudi mbiombio. Mngewaacha kazini tangu mwanzo. Na mkiona hayo yote ni mzigo, lipo lililo jepesi: mara nyingine mkitaka kuwasemea wafungwa wa Evin, waulizeni kwanza. Anwani yao si ngumu kupatikana. Marafiki zenu waliilenga bila kukosea.

Wenu katika subira,
Msomaji wa magazeti, Afrika Mashariki