Mdudu Asiye na Mkalimani

Ukuta wa chumba changu cha kulala ndio huohuo ukuta wa kibanda umiza, na huu ni mwaka wa nne kila Jumamosi usiku wadudu wa anga wanafia kichwani pangu. Hawafi mmojammoja. Wanakufa kwa makundi, kupitia spika mbili ambazo mwenye kibanda amezitundika zikinielekea mimi, kana kwamba ananidai, na kila anayekata roho hutoa mlio wa bati linaloburutwa juu ya saruji. Nimemlalamikia mwenye kibanda. Nimekwenda kwa mjumbe. Mkewe akanielekeza kulekule kibandani, nikamkuta mheshimiwa kwenye benchi la mbele, karanga mkononi, ananiashiria niiname kwa sababu namkinga. Mtu akishafika hapo hana la kufanya ila kusifu. Basi leo namsifu mdudu wa anga, na naomba nisikilizwe kwa heshima ileile anayopewa marehemu tajiri.

Kwa asiyemjua, mdudu huyu alipata jina mwaka 1959, Robert Heinlein alipochapisha Starship Troopers, habari za kijana Juan Rico anayeingia jeshini kwenda kupigana na viumbe mfano wa buibui, wenye makao yao katika sayari ya Klendathu. Mwaka 1997 Paul Verhoeven akakigeuza kitabu kuwa filamu, na filamu hiyo ndiyo inayonikesha. Mdudu ana ndugu na binamu tele katika hadithi za vita vya angani, wengine wana mabawa, wengine ni ute mtupu, lakini kazi yao ni moja: kukaa juu ya sayari tuliyoipenda sisi, wakingoja kuuawa.

Fadhila zake sitazimaliza. Hana matanga, kwa hiyo hana mchango wa matanga. Damu yake si nyekundu, hivyo mzazi anaweza kumpeleka mtoto akaitazame bila kusumbuliwa na maswali. Hana picha ya mchumba mfukoni, maana hana mfuko. Akikatwa mguu hubaki na mingine ya kumfikisha mbele ya bunduki ya pili. Hajawahi kutekwa akaomba maji. Na ukoo wake una historia ya ushindi ambayo hauisemi: katika War of the Worlds ya H. G. Wells, ya mwaka 1898, watu wa Mars walioyashinda majeshi ya Uingereza waliuawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hakuna hata kimoja kilichovishwa nishani.

Lakini hivyo vyote ni vitoweo. Wali wenyewe ni ububu wake.

Thamani ya ububu huu nimeijua kwa kumsikiliza mtafsiri wetu. Kibanda hiki hakinunui filamu zilizokwisha tafsiriwa. Kina kijana wake mwenyewe na kipaza sauti chake, na kijana huyo hashindwi na lugha. Kiingereza, Kikorea, Kihindi, vyote kwake ni Kiswahili kilichovaa koti. Jenerali wa Marekani anaongea kama konda wa daladala. Mbwa akibweka, anamtafsiri. Mlango ukilia, anautafsiri: “Nitieni mafuta, jamani!” Ila mdudu wa anga akichomoza tu kwenye pango lake, kijana anameza mate, anasema “Gwaaa!” na kunyamaza. Mlango una la kusema. Mdudu hana. Ukumbi mzima unalijua hilo na unastarehe nalo, kwa sababu asiye na la kusema anaweza kupigwa risasi huku watu wanatafuna.

Ili uione neema hii, mtazame adui anayesema, uone gharama zake. Wahispania walipokuwa wakiziteka nchi za Amerika ilibidi mwanasheria wa mfalme, Palacios Rubios, aandike waraka mzima, mwaka 1513, wa kusomewa wenyeji kabla ya kushambuliwa. Kuna Mungu, ulisema, kuna Papa, Papa amempa mfalme nchi hizi, basi tiini. Msipotii tutawapiga na kuwatia utumwani, na vifo vyenu vitakuwa juu yenu wenyewe. Ulisomwa kwa Kihispania mbele ya watu wasiojua Kihispania, na pengine wenyeji walipokuwa wamekwisha kukimbia ulisomewa miti. Padri Bartolomé de las Casas aliandika kwamba alipousoma hakujua acheke au alie. Mimi nauwazia wino. Nawazia yule karani aliyesimama juani, ana jasho, anasoma kifungu kwa kifungu, na nyuma yake farasi wanakwaruza ardhi. Mdudu angewaondolea taabu hiyo yote. Unashuka, unafyatua, unarudi kula.

Au mfikirie Karl Peters, mwaka 1884. Alivuka bahari kutoka Zanzibar, akapanda bara kwa miguu na hati zake za Kijerumani, akafika Msovero kwa chifu Mangungo, akakaa naye, akazungumza kupitia mkalimani, akachukua alama kwenye karatasi iliyosema urafiki wa milele na kumaanisha nchi. Hapo ni homa, wapagazi, zawadi, mkalimani wa kulipwa. Laiti Mangungo angekuwa mdudu! Peters angebaki Berlin anakunywa kahawa. Nasi tungepungukiwa swali moja la mtihani wa Historia, na wanasiasa wetu wangekosa jina la kuubandika kila mkataba mbovu wa wenzao.

Adui anayesema ana ubaya mwingine: hata akifa hanyamazi. Chifu Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate mzima, wakachukua kichwa. Ungedhani hapo yameisha. Mwaka 1919 wakuu wa dunia wamekaa Versailles wanagawana mabaki ya himaya, wana mipaka ya kuchora na madeni ya kuhesabu, na katikati ya hayo, fungu la 246, wanalazimika kuandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, gavana wa Kiingereza mwenyewe akilikabidhi. Jumlisha barua, makarani, meli, hotuba. Fuvu la mdudu nani atalidai? Klendathu haina ubalozi. Haina mjukuu wa chifu anayekumbuka. Haina hata makumbusho yenye kabati la kioo lililo wazi, linalongoja.

Nilitaka kuendelea kuuimba ububu huu, nifike kwenye faida zake kwa mahakama za kimataifa, lakini jana spika zilinitoa kitandani tena na sina tena sauti ya kuimbia. Naomba niulize jambo moja kwa lugha ya kawaida. Nani alimkata ulimi?

Hakuzaliwa hivyo. Mdudu wa anga hakuzaliwa kabisa. Aliandikwa, mezani, na mtu mwenye lugha ya kutosha kujaza kurasa mia tatu. Mtu huyo aliwapa askari wake majina, mama, nyimbo za kambini, mapenzi, utani wa bwenini. Akawapa silaha ambazo hazijabuniwa bado. Alipomfikia adui akaishiwa. Kisha anatugeukia kwa uso wa huzuni, anatuambia vita hii haikuwa na njia nyingine, maana na hawa utazungumza vipi?

Katika hiyo filamu ya Verhoeven kuna dakika moja ninayoijua kwa masikio tu. Tumeshaonyeshwa walowezi wa kibinadamu waliokwenda kujenga ndani ya eneo la wadudu, wakachinjwa. Kisha Buenos Aires inateketezwa. Halafu mwandishi wa habari, mbele ya kamera, anasema kwamba wapo wanaoona wadudu wamechokozwa, kwamba sisi ndio tuliowaingilia kwao. Rico anamkatiza: yeye ni mtu wa Buenos Aires, na anachotaka ni wauawe wote. Verhoeven alikuwa mtoto Uholanzi nchi hiyo ilipokuwa mikononi mwa majeshi ya Hitler, na dakika ile hakuiweka kwa bahati mbaya. Kibandani kwetu ndiyo dakika ya kwenda kujisaidia. Nawasikia wakipita dirishani kwangu.

Na wanaoniudhi kupita wote si wakina Rico. Ni waandishi wenye dhamiri. Orson Scott Card, katika Ender's Game ya mwaka 1985, anampa mtoto mchezo wa vita. Mtoto anacheza, anashinda, anaifuta sayari nzima, ndipo wakubwa wanamwambia haukuwa mchezo. Baadaye anaokota kifukofuko cha malkia wao wa mwisho na kugundua kwamba walikuwa wameshakoma kutaka vita, ila hawakuwa na namna ya kutuambia. Msomaji anafuta machozi. Halafu anakitafuta kitabu cha pili, kilichotoka mwaka uliofuata. John Scalzi, mwaka 2005, ana wazee wa miaka sabini na mitano waliopewa miili mipya na kutumwa kuteka sayari. Siku moja wanakutana na taifa la watu wa inchi moja, na silaha inayofaa ni kiatu. Shujaa anakanyaga, anakanyaga mji, mpaka akili inamruka. Vizuri. Keshokutwa anapanda cheo. Katika hadithi hizi toba huwa inakuja, sikatai, lakini inakuja na ukurasa wa mwisho, wakati sayari imekwisha kupimwa viwanja.

Joe Haldeman namsamehe. Alirudi kutoka Vietnam na majeraha mwilini, na katika The Forever War ya mwaka 1974 aliandika vita ya zaidi ya miaka elfu moja ambayo mwishowe inajulikana ilianzishwa na kutoelewana, na upande ulioanza ni wetu. Ursula Le Guin hahitaji msamaha wangu. Watu wa msituni katika The Word for World Is Forest, ya mwaka 1972, ni wafupi, wana manyoya ya kijani, na wanasema tangu mwanzo. Ni kapteni wa wakata magogo tu ambaye hawasikii. Kitabu ni chembamba. Sijasikia kibanda kikikitafuta.

Maana hapo ndipo shida ilipo, na si angani. Watu wa Tasmania, ambao Wells aliwaambia Waingereza wenzake katika kurasa za kwanza kabisa za kitabu chake kwamba walifutwa ndani ya miaka hamsini, walikuwa na lugha. Mangungo alikuwa na lugha, na mkalimani juu yake. Na mwaka 1994, hapa jirani, redio ya RTLM ya Kigali iliwaita watu inyenzi, mende, siku baada ya siku, kwa Kinyarwanda, ikiwaambia watu wanaosema Kinyarwanda juu ya majirani wanaosema Kinyarwanda kilekile. Hakuna aliyehitaji mkalimani pale. Mende walikuwa wanajulikana kwa majina, kwa watoto wao, kwa deni la sukari dukani. Nikisikia mtu anasema na adui fulani haiwezekani kuzungumza, siku hizi natafuta kwanza aliye na kipaza sauti.

Nirudi kwenye sifa. Mwishoni mwa filamu mdudu mmoja mkubwa, mwenye ubongo, anakamatwa na kuburutwa nje ya pango. Ofisa anamwekea mkono, anasikiliza mawazo yake, kisha anautangazia umati: kiumbe hiki kina hofu. Askari wote wanalipuka kwa shangwe. Baada ya filamu nzima ya “Gwaaa!” hilo ndilo neno la kwanza la mdudu kufikishwa kwa watu, na ndilo linaloshangiliwa. Kibandani hushangilia pia. Mjumbe hupiga benchi.

Jumamosi iliyopita nilimsubiri mtafsiri nje kabla ya saa za kazi. Nikamnunulia chipsi mayai, nikamwongezea elfu mbili.

“Shikamoo mzee. Hii ya nini?”

“Marahaba. Leo mdudu naye umtafsiri.”

“Aseme nini sasa?”

“Mlango ulikuambia mwenyewe utasema nini?”

Alicheka, akazitia mfukoni. Nilirudi kitandani nikaegemeza sikio ukutani kwa hiari yangu kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Wakafa wa kwanza, “Gwaaa!” kama kawaida, nikajua nimeliwa. Kisha askari wakaingia mapangoni, taa za vichwani zinamulika, ukumbi kimya, na wa kwanza akachomoza gizani, na kijana wangu, kwa sauti nzito ya mwenye nyumba wa uswahilini asiyetaka masihara, akasema:

“Nyie ndio mnaoishi humu? Kodi ya pango miezi mitatu hamjalipa, halafu mnakuja na bunduki?”

Sijasikia kicheko kama kile. Mtu alianguka na benchi. Aliyefuata aliulizia bili ya maji, wa tatu akadai mkataba waliosaini, na kila alipopigwa risasi mmoja ukumbi ulipiga yowe la aliyeonewa. Hadi yule mkubwa anaburutwa nje, walikuwa hawashangilii tena, walikuwa wanamtetea. Mmoja akapaza sauti, “Oya, steringi ni yupi hapa?” Mwingine akamjibu, wa tatu akawatukana wote wawili, na mjumbe, mwenye vyumba sita vya kupangisha, akasimama akaomba utulivu asipewe.

Asubuhi mwenye kibanda alibisha hodi kwangu. Aliniomba kwa adabu nisimhonge tena kijana wake: filamu ya pili haikununuliwa tiketi hata moja, kwa sababu watu walitoka nje wote kwenda kubishana.

Hilo nalijua. Walibishania chini ya dirisha langu, hadi saa nane.