Ukizidisha, Hakizidi: Mwongozo wa Kisiwa cha Mombasa kwa Mgeni Asiyejihadhari

Mwongozo huu ni wako wewe mhandisi mgeni, uliyekuja kisiwani kwa semina ya siku chache hotelini kuhusu dengu na mbolea, ukiwa na daftari jipya na imani ya zamani. Imani yenyewe ni kwamba ukiongeza kidogo utapata kidogo, na ukiongeza maradufu utapata maradufu. Darasani imani hiyo inalipa. Mifumo inayokwenda sawia ina hesabu zinazokubali kumalizika kabla ya chai ya saa nne, na ndiyo maana walimu wanaipenda. Ila Mombasa ilijengwa na kukaliwa kabla ya walimu hao kuja. Bahari yake hujaa na kupwa kwa ratiba ya mwezi, vichochoro vyake vilifuata kuta za nyumba, na bei zake hufuata uso wa mnunuzi. Ukitaka kurudi kwenu na pochi, tumbo na heshima yako, soma kwanza yafuatayo.

Karai

Jua likianza kupoa, ingia Mji wa Kale, umtafute mama aliyeketi nyuma ya karai la mafuta. Atakuwa anakaanga bajia za dengu, au viazi vya karai vilivyochovywa kwenye unga uliokorogwa mzito, na pembeni ana bakuli la ukwaju. Msalimie kwanza. Kisha simama ubavuni, maana mbele ni mahali pa wenye pesa mkononi.

Mgeni asiyejihadhari huona bajia zinachelewa kupata rangi, akashauri makaa yaongezwe. Hapo ndipo anapoharibu. Kaa jipya lina muda wake wa kukolea, chuma cha karai kina muda wake wa kupata moto, na mafuta yana wake. Moto ulioongezwa sasa utazifikia bajia dakika kadhaa baadaye, hizi za sasa zikiwa zimeshaliwa, na mbichi nyingine zimeingia. Mbichi hizo zitaungua nje, ndani zibaki unga. Mshauri wetu ataona weusi, atahimiza makaa yatolewe, na baada ya dakika nyingine mafuta yatakuwa yamepoa na bajia zinayanywa kama walevi. Ataongeza tena. Vitabu vya udhibiti vinasema huko ni kuyumba kunakosababishwa na mrejesho unaochelewa. Mtaani hapa Kibokoni kunaitwa kumtia mtu hasara.

Kuna mtego wa pili. Mafuta ya kukaangia yanafaa yakiwa karibu nyuzi 180. Kila bajia inayoingia ina maji, na maji hayo hula joto ili yawe mvuke. Karai linaloivisha bajia kumi kwa uzuri halitaivisha ishirini kwa nusu ya uzuri. Joto litaanguka chini ya kiwango na zote ishirini zitatoka zimelowa. Huo ndio unaoitwa mfumo usio sawia: unakwenda nao vizuri, vizuri, vizuri, halafu hauendi nao tena.

Sasa mtazame mwenyewe. Anachota unga kiasi cha ncha ya kidole, anautupia kwenye mafuta. Ukizama na kukaa chini, anangoja. Ukipanda ukizungukwa na mapovu madogo, anaanza kutia, moja moja, akizunguka ukingo wa karai. Ukibadilika rangi kabla haujapanda, anachukua koleo, anavuta kaa moja nje, na kumimina kijiko cha mafuta baridi. Kaa moja tu. Kisha anakunja mikono.

Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza mama wa namna hii mbona haongezi moto. Akajibiwa: “Nangoja wewe uondoke, mwanangu. Wanizibia upepo.”

Ndia Kuu kwa tuktuk

Ramani yako itakudanganya kwa adabu. Kila kipande chake kidogo ni kweli. Wahandisi hufanya vivyo hivyo wakikutana na mfumo uliopinda: huchukua sehemu ndogo iliyo karibu na walipo, wakaichukulia kuwa imenyooka, wakaendelea. Ni mbinu halali, na inafaa hadi kona ya kwanza. Kosa ni kuamini kwamba unyoofu wa hapa mlangoni utakufikisha hadi Bandari ya Kale.

Ukichoka kutembea, panda tuktuk upite Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale. Katika karne ya 20 wahandisi wa Kisovieti, Vadim Utkin akiwa mmojawao, walistawisha mbinu ya kudhibiti mifumo migumu kwa kuisukuma kwa nguvu upande mmoja, kisha kwa nguvu upande wa pili, tena na tena, mpaka iteleze juu ya njia iliyokusudiwa. Sifa ya mbinu hiyo ni kwamba haitishwi na usumbufu wa nje: iwe ni paka, ni pikipiki, au ni hamali anayeshuka na mkokoteni akipaza sauti “Simile! Simile!”, chombo kinabaki njiani. Dosari yake ni mtetemo. Dereva wako atafuata njia barabara. Utakaotetemeka ni uti wako wa mgongo. Usimshauri azungushe usukani polepole. Akilainisha mkono, mtagusa ukuta, na ukuta wa Mji wa Kale umeshazoea kuguswa kuliko wewe.

Feri

Kisiwa kinaunganishwa na kaskazini kwa Daraja la Nyali, na magharibi kwa Makupa. Kusini kuna mlango wa bahari wa kama nusu kilomita, na kivuko cha Likoni. Wanaotembea kwa miguu hawalipi chochote, jambo litakalokupa hamu ya kukimbia ukisikia lango linafunguliwa. Usikimbie. Mwaka 2000 Dirk Helbing na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba umati ukizidisha haraka kwenye mlango mwembamba hupita polepole zaidi, kwa sababu miili hubanana na kuzibiana. Watu wa Likoni wanaovuka asubuhi na jioni hutembea kwa mwendo mmoja, wa haraka lakini usio wa mbio. Anayekimbia ni mgeni, na wenye mikono myepesi wanalijua hilo.

Ukishapanda, tazama pua ya feri. Haielekei gati la ng’ambo. Maji ya mlango huo wa Kilindini yanapojaa au kupwa husukuma chombo ubavuni, hasa siku za bamvua, kwa hiyo nahodha huelekeza pua upande yanakotoka maji ili afike anakotaka. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky aliandika kuhusu meli zinazojiongoza zenyewe, baada ya kuchunguza jinsi washika usukani wanavyofanya. Aligundua kwamba mshika usukani hodari haangalii tu amepotoka kiasi gani. Anaangalia pia anapotoka kwa kasi gani, na amekuwa akipotoka kwa muda gani. Mitambo mingi ya viwandani leo hufuata hesabu hiyo ya mambo matatu. Mgeni huangalia la kwanza peke yake, ndiyo maana hushtuka akidhani feri imekosea njia.

Hapa mzaha unasimama kidogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya kivuko cha Mtongwe, iliyokuwa imejaza watu kupita uwezo wake, ilipinduka karibu na ufuo na watu 272 wakafa. Chombo hakitoi onyo linalolingana na mzigo. Abiria wa ziada wanaingia na hakuna kinachoonekana kubadilika. Wanaingia wengine, kinainama kidogo, kinasimama tena. Kisha watu wachache wanasogea upande mmoja na kile kilichokuwa kikikirudisha wima hakitoshi tena. Ukiambiwa feri imejaa, amini, usubiri inayofuata.

Nauli

Tone la kwanza la mvua likianguka, nauli ya matatu hupanda. Mgeni mwenye akili ya kunyooka huhesabu kwamba mvua ikikatika nauli itashuka kwa njia ile ile iliyopandia. Haitashuka. Itabaki juu mpaka barabara ikauke, abiria wapungue, na makanga wa gari la nyuma aanze kuita bei ya zamani kwa sauti kubwa. Njia ya kupandia si njia ya kushukia. Sumaku hufanya hivyo pia, na zenyewe hazina makanga.

Ukijikuta kwenye mabishano, usijaribu kujua yataishaje. Mwaka 1892 Mrusi Aleksandr Lyapunov alionyesha kwamba huhitaji kukokotoa mwendo wote wa mfumo ili ujue kama utatulia. Inatosha upate kitu kimoja ndani yake kisichoacha kupungua. Katika matatu kitu hicho ni sauti. Kila ukijibu, jibu chini kidogo ya ulivyoambiwa. Sauti ikiendelea kushuka kila zamu, ugomvi utatulia, hata kama nauli haikushuka.

Gunia

Tumalizie na mada iliyokuleta kwenye semina: dengu na mbolea. Kisiwani hakuna shamba la dengu. Zinakopandwa ni mbali na bahari. Nchini Tanzania zipo katika mbuga za udongo mweusi za Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambako hutiwa ardhini mvua zinapoisha ili zikue kwa unyevu uliobaki. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro kimefanya kazi ya miaka mingi kuzitafutia nafasi katika maeneo makavu. Mbolea nayo huja kinyume: inafika bandari ya Kilindini kwa meli, ikiwa shehena ya kichele, inatiwa kwenye magunia ya kilo 50, halafu inapanda bara kwa malori na reli hadi Bonde la Ufa na Uganda. Mombasa, kwa hiyo, inakaanga kimoja na kupakua kingine, na vyote viwili hapa havina udongo wa kukutania.

Udongo wa kukutania unao wewe, au shemeji yako aliyekuomba ushauri wa shamba. Na mgeni asiyejihadhari ni hatari zaidi akiwa mshauri wa shamba. Septemba 2022 serikali ya Kenya iliuza gunia la mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500. Mwaka uliofuata bei ikashushwa hadi 2,500. Bei ikishuka, mkono hufunguka, na mkulima huona raha kutia magunia mawili palipotosha moja. Mwaka 2024 tatizo liligeuka: baadhi ya magunia yaliyouzwa kuwa ni ya ruzuku yalikutwa hayana ubora, na waliotia mawili walikuwa wametia mara mbili ya karibu na hakuna.

Tuseme gunia lako ni halali, ni la mbolea ya DAP. Asilimia 18 ya uzito wake ni naitrojeni, na asilimia 46 ni fosfeti. Gunia moja basi lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Kwa dengu, magunia mawili kwa hekta huwa yanafika karibu na kiwango kinachopendekezwa mara nyingi, kwa sababu mche mchanga unahitaji naitrojeni kidogo tu ya kuanzia. Baada ya hapo hujitafutia. Kwenye mizizi yake hukaribisha bakteria wa jamii ya Mesorhizobium, wanaojenga vinundu na kunasa naitrojeni ya hewani. Hawalipwi shilingi, mche huwalisha sukari.

Ukimwaga urea juu ya mpango huo, mche unaona naitrojeni ipo tele udongoni, unaacha kulisha wapangaji, na vinundu vinapungua. Unachovuna ni majani. Shamba litapendeza kwa picha, litachelewa kutoa maua, mimea italala, unyevu utakaa katikati ya majani na kuvu watafurahi. Mavuno yaliyokuwa yakipanda kwa kila kilo ya mbolea yanasimama, halafu yanaanza kushuka, na kila kilo ya ziada umeinunua kwa pesa taslimu.

Fosforasi ni habari nyingine. Justus von Liebig aliieneza karne ya 19 kanuni kwamba mmea hukwama kwenye kile kilichopungua zaidi, hata vingine vikiwa vingi. Kama udongo umekosa fosforasi, bakteria hawatafanya kazi ipasavyo, na naitrojeni yote ya Kilindini haitaziba pengo hilo. Na kama shamba halijawahi kuoteshwa dengu, huenda bakteria wenyewe hawapo. Hapo kinachohitajika ni mbegu zilizopakwa bakteria hao kabla ya kupandwa, kazi ambayo gunia haliwezi.

Kwa hiyo, kabla hujampigia shemeji simu kumwambia aongeze, mwambie achukue jembe dengu zinapotoa maua. Achimbe, asing’oe, maana aking’oa vinundu vitabaki ardhini. Aoshe mizizi kwa upole, akate kinundu kimoja kwa ukucha, atazame ndani. Akikuta wekundu, bakteria wako kazini. Gunia la urea alirudishe dukani. Akikuta kijani au kijivu, hapo ana haki ya kuulizia mbolea, na swali la kwanza liwe la fosforasi.